Ukoo wa Chungu, Ukoo wa Maji

Asifiwe Mungu aliyewapa wanadamu ndimi zao, na ambaye husikia maombi hata kabla hayajapata maneno. Namshukuru kwa pumzi hii ya uzee, kwa macho ambayo bado yanaona maandishi makubwa, na kwa mwaka mmoja wa ujana wangu ambao nimeubeba muda wote huu bila kumsimulia mtu. Haukuwa siri. Hakuna aliyewahi kuniuliza tu. Sasa ameniuliza mtoto mdogo wa Butiama mwenye masizi mikononi, ingawa mwenyewe hakujua kwamba ananiuliza.

Nilikuwa nimetoka Bunda kwenda Butiama kumzika Nyangeta. Niliimba na wenzangu, nikatupa udongo wangu kaburini, kisha watu wa nyumba ile wakanipa kiti karibu na jiko la nje kwa kuwa miguu yangu haipendi tena kusimama. Pale jikoni wajukuu wawili wa marehemu waligombania ukoko uliobaki kwenye sufuria kubwa ya ugali wa msiba. Mkubwa alishika kijiko, mdogo alikuwa amekunja ngumi na midomo imemvimba. Nilidhani watapigana mbele ya wageni. Badala yake yule mkubwa akaweka kiganja juu ya ngumi ya mwenzake, taratibu, kama mtu anayefunika chungu, akasema, “Obesi.” Mdogo akaachia ngumi. Wakainama pamoja kwenye sufuria wakawa wanakwangua na kutafuna. Nikamwita mkubwa. “Mama, umemwambia nini mdogo wako?” Akasema, “Obesi, bibi.” “Maana yake nini?” Akanitazama kana kwamba nauliza maana ya maji. “Si obesi tu. Ukishafanyiwa obesi hugombani tena.” “Nani aliwafundisha?” “Tunasemaga tu,” akajibu, akarudi kwenye ukoko wake kabla haujaisha.

Neno lile nililijua. Nililijua lilipokuwa refu zaidi, likiwa na sauti ambazo watoto wale hawajawahi kuzisikia. Nilikuwepo lilipozaliwa, katika chumba cha wageni cha hosteli yetu kule Musoma, baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani nje tayari kubeba sanduku la bati la Nyangeta. Nikakaa pale jikoni na sahani yangu magotini, chakula kikipoa, nikaufuata ule mzizi kurudi nyuma mpaka ulipoanzia.

Mwaka huo shida ya bidhaa nchini ilikuwa inaelekea ukingoni, ingawa hakuna aliyetuambia. Madukani mjini rafu zilikuwa tupu kiasi kwamba wenye maduka walipanga makopo yasiyo na kitu ili pasionekane uchi. Sukari ilikuwa ya mgawo, mafuta ya taa yalikuwa ya foleni, na sabuni tulikuwa tunaisikia kwa watu. Tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, ule ulioitwa yanga, na siku za neema tulikula muhogo uliotoka kwetu Majita. Nguo tulizifua kwa majani ya mpapai na maji ya majivu. Hosteli ilikuwa Kamunyonge, nyumba ndefu ya bati iliyosimamiwa na masista, na jiko lake la nje lilitazama ziwa. Tulifundishwa ushonaji na mafundisho ya dini, ili tukimaliza turudi vijijini kuandaa watoto wa komunyo ya kwanza. Cherehani zilikuwepo, uzi ndio haukuwepo. Kwa hiyo kila asubuhi tulikaa katika chumba kile chenye harufu ya mafuta ya mashine na dagaa wa jirani, tukakanyaga cherehani tupu ili miguu isisahau. Bado naisikia sauti yake, mlio wa wasichana wengi wakishona hewa. Leo nikiwa kwenye maombi na moyo wangu ni mkavu, hukumbuka zile cherehani, nikaendelea kukanyaga.

Mkuu wetu alikuwa Sista Benadeta, mwanamke mwembamba aliyetoka mikoa ya kusini, mkali kwa sauti ya chini. Alikuwa amekataza lugha za nyumbani. Nia yake ilikuwa njema, maana mle ndani tulikuwa Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wakurya na Wakerewe, na hakutaka msichana yeyote akae mezani akidhani anasengenywa. Mimi na Nyangeta tulipangwa zamu moja ya sufuria. Yeye alikuwa Mzanaki wa Butiama, mrefu, mwenye mwanya na mwendo wa kuchunga ng'ombe. Mimi, Konsolata, nilikuwa mtoto wa ziwani. Siku moja tukisugua sufuria kwa mchanga ufukweni, alitazama jiwe kubwa lililotokeza majini akasema, kama mtu anayetoa habari ya kawaida, “Mle ndani wanakaaga watu.”

“Watu gani?”

“Waserwa.”

“Wanakula nini?”

“Samaki wadogo, furu. Sangara hawamtaki, wanasema ni mgeni, hawajui katokea wapi.”

“Na wanaongea lugha gani?”

Akaacha kusugua. “Hapo sasa,” akasema. “Hapo ndipo sijui, Konso. Tuwasikilize.”

Basi tukawasikiliza mwaka mzima. Hatukuandika chochote, kwa sababu daftari lilikuwa adimu kuliko sabuni na tulilokuwa nalo lilikuwa la katekisimu. Neno la kwanza lililotujia kutoka jiweni lilikuwa nolu, nalo lilikuwa sabuni. Tulilitumia hivyo siku chache tu. Kisha Mama Sabina, mpishi wetu, aliuliza kama sukari ya mgawo imefika, na Nyangeta akajibu bila kufikiri, “Sukari ni nolu, mama.” Tukacheka, lakini neno lilikuwa limeshahama. Likameza sukari, likameza uzi, likameza mvua iliyochelewa. Mama Sabina naye akalidaka. Mume wake alikuwa amevuka kwa kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe kutafuta samaki na hakuwa amerudi, na siku moja akikoroga uji alisema peke yake, “Huyu mwanamume naye amekuwa nolu.” Baada ya hapo kunolu kukawa kusubiri, na mwisho wake kukawa kutumaini. Kilichonishangaza, na kinanishangaza hata sasa, ni kwamba hatukulipeleka sisi. Tulilitengeneza kwa mikono yetu kama kikapu, na asubuhi tukakuta lina miguu.

Maneno mengine nayo yakafanya hivyo hivyo. Fimi ilikuwa sukari yenyewe, ile ya kuonja, ikawa utamu, ikawa maneno ya kubembeleza, na kwa sababu baba mdogo wa Nyangeta, Mzee Wambura, alikuwa na desturi ya kuja kumtembelea na maneno ya kubembeleza juu ya mwanamume fulani mwenye ng'ombe wengi, ikawa uongo. Wondo ilikuwa jiwe. Na kwa kuwa Waserwa wanakaa ndani ya jiwe, ikawa nyumba. Na kwa kuwa nyumba ni ile inayokuweka ndani yake, ikawa mzazi. Kaku ulikuwa ukoko. Waserwa, Nyangeta alisema, hawapendi kitu laini, kwa hiyo ukoko ukawa chakula chote. Sauti nazo zilibadilika. Mimi nilizilegeza b za katikati kama tufanyavyo kwetu Majita, Nyangeta alizibana. Neno lililosemwa kila siku na mikono iliyolowa lilikuwa fupi kufikia Kwaresima, limechakaa pembeni kama leso ya kazini. Yale tuliyoyatumia mara chache yalibaki marefu na mapya.

Tatizo lilianza tulipotaka kuunganisha maneno. Nilikuwa nataka kuyabandika tu, hili na lile, lakini Nyangeta akakataa. Kwao, na hata kwetu, vijana wawili wakikutana jambo la kwanza kuulizwa ni ukoo na mwiko wa ukoo, na watoto wa ukoo mmoja hawaoani hata wapendane vipi. “Maneno nayo ni watoto wa watu,” alisema. Kwa hiyo tukayapa koo. Mzizi uliozaliwa jikoni ulikuwa wa Ukoo wa Chungu. Uliozaliwa ufukweni ulikuwa wa Ukoo wa Maji. Uliozaliwa kanisani ulikuwa wa Kengele. Wondo wa Maji alimwoa kaku wa Chungu, wakazaa wondokaku, nyumba ya chakula, yaani hosteli yetu. Kabla ya Pasaka lilikuwa limeshafupika kuwa wokaku. Mama Sabina alipoelezwa sheria hiyo aliikubali mara moja, akauliza kama mahari ililipwa. “Alilipa furu,” Nyangeta akamwambia. “Ndoo nzima?” “Nzima, mama.” “Basi huyo mkwe ni mtu.”

Mzizi mmoja lazima niueleze vizuri, kwa sababu ndio uliotutia matatani. Siku moja tulikuwa tunasuuza shela ya Sista Benadeta, na wimbi likaichukua. Ilielea mbali, nyeupe, ikigeuka taratibu, nasi tumesimama majini tunaitazama kama wajinga. Nyangeta akasema, “Siru.” Siku hiyo siru ilikuwa kuchukuliwa na maji. Baada ya kukaripiwa kwa ajili ya ile shela, ikawa kupotea. Na baada ya wiki kadhaa ikawa kosa. Kusuuza nako kulikuwa na mzizi wake, leya, uliozaliwa pale pale ufukweni. Wote wawili, siru na leya, walikuwa wa Ukoo wa Maji.

Wasichana wenzetu walianza kuogopa. Tulikuwa tunaongea haraka sasa, tunacheka katika lugha ambayo haikuwa ya kabila lolote mle ndani, na kulikuwa na maneno mengi mjini juu ya mapepo. Mmoja wao akaenda kwa Sista akasema sisi wawili tunaongea na vitu vya ziwani. Sista Benadeta hakutupigia kelele. Alituma salamu Butiama kwa dereva wa parokia, na siku chache baadaye baiskeli ya Mzee Wambura iliegemezwa ukutani. Mimi nilikuwa nachambua mchicha chini ya dirisha la chumba cha wageni, na nilisikia yote.

“Sista, mimi nilisemaga toka mwanzo,” alikuwa anasema. “Msichana akikaa sana na vitabu anaharibika. Yupo mtu mzima, mstaarabu, ng'ombe wake wako zizini. Nipe mtoto nimpeleke.”

“Hajamaliza mafunzo, mzee.”

“Atamalizaje na mapepo kichwani?”

Kisha Sista akasema, “Jumapili Padre atamsikiliza. Kama ni pepo, utamchukua. Kama ni upuuzi, nitamwadhibu mimi, na atabaki.”

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa. Nyangeta alitaka kuwa mwalimu wa dini kuliko kitu chochote duniani. Nilikuwa nimemwona akifundisha watoto wa majirani, jinsi alivyochuchumaa awe sawa na macho yao. Akirudi Butiama na baiskeli ile, angekuwa mke wa mtu asiyemjua kabla ya mavuno. Padre wetu, mzee mwenye pumu na mizaha mingi, alipopelekewa habari aliagiza hivi: shetani hawezi kumwita Mungu Baba. Basi baada ya misa waje waseme Baba Yetu kwa lugha yao, mstari kwa mstari, na waeleze kila neno limetoka wapi.

Jumamosi mchana tulikaa ufukweni na sufuria zetu tukatafuta maneno. Nataka kusema ukweli kwamba ndani ya hofu ile tulifurahi. Hatukuwa tumewahi kuwauliza Waserwa jambo kubwa namna hiyo. Baba alikuwa tayari, ni wondo. Chakula kilikuwa tayari. Ufalme tuliomba uje kwa kunolu, na nilipolisikia neno lile la sabuni likibeba kitu kizito kiasi hicho bila kupinda, nywele zilinisimama. Kisha tukafika penye kusamehe.

“Leyasiru,” nikasema. “Kusuuza kosa. Tumemaliza.”

“Hao ni ndugu,” Nyangeta akasema.

“Nyangeta, kesho unachukuliwa.”

“Ni ndugu, Konso. Wote wa Maji. Leya alizaliwa hapa tulipokaa. Siru alizaliwa pale, ulikuwepo.”

“Nani atajua?”

“Waserwa.”

“Waserwa hawapo!”

Hakunikasirikia. Alinitazama kwa namna ambayo ningali naiona. “Kama hawapo,” akasema, “basi hatuna lugha. Tuna kelele tu. Na mimi siwezi kumwomba Mungu kwa kelele.” Tukarudi na sufuria safi na sala yenye shimo katikati.

Jumapili chumba cha wageni kilikuwa kimefagiliwa na kunyunyiziwa maji. Mama Sabina alikuwa ameandaa chakula cha Padre juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma: ugali umefunikwa kwa sahani, na chungu cha sato chenye mfuniko uliokuwa ukitoa mvuke pembeni. Padre alikaa kwenye kiti chenye mikono, Sista kwenye kigoda, Mzee Wambura karibu na mlango na kofia yake magotini. Mimi na Nyangeta tulisimama. Tulikubaliana kwamba yeye atasali na mimi nitaeleza.

Alianza. Nilieleza jinsi jiwe lilivyokuwa nyumba na nyumba ikawa Baba, na Padre akaitikia kwa kichwa, akasema Maandiko nayo yanamwita Mungu mwamba. Nikaeleza kwamba Waserwa wanakaa ndani ya jiwe, chini ya maji, kwa hiyo kwao mbinguni ni huku juu kunakotoka mwanga.

“Huku wapi?” Padre akauliza.

“Huku, Padre. Juu ya maji.”

“Yaani mbinguni kwao ni hapa Kamunyonge? Hapa pasipo na sabuni?” Akacheka mpaka pumu ikamshika, na Sista akampa maji. Nilipoeleza kwamba tunaomba ukoko wetu wa leo, alifuta macho akasema watu wengi wa parokia yake wangeuridhikia. Hata Sista alikuwa amesogeza kigoda mbele. Alikuwa anauliza maswali ya kweli sasa: kwa nini nolu haina ukoo? Nikamwambia sabuni haitoki huku, kwa hiyo mzizi wake ni mgeni. “Na mgeni anaweza kuoa popote?” “Anaweza, Sista, akikaribishwa.” Nilianza kuona kwamba tutapona.

Kisha Nyangeta akafika penye msamaha, akaishia hapo.

Nje kuku alikuwa anaparua chini ya dirisha. Nilimwomba kwa macho aseme leyasiru, aseme tu, yapite. Hakusema. Mzee Wambura akainuka na kofia yake. “Si mmeona?” akasema. “Limekwama. Pepo limekataa kusamehe.”

“Mbona umenyamaza, binti?” Padre akauliza, na mzaha ulikuwa umemtoka usoni.

Nyangeta aliinamisha kichwa. “Neno la kuosha lipo, Padre. Na neno la kosa lipo. Ila wote ni wa Ukoo wa Maji. Siwezi kuwaozesha. Ni mwiko.”

Sista Benadeta alifumba macho. Mimi nilijua tumekwisha. Lakini Mzee Wambura alikuwa amesimama pale pale mlangoni, amekunja uso, na uso ule haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu mzima aliyeletewa shauri. “Ukoo mmoja kabisa?” akamuuliza Nyangeta.

“Mmoja, baba. Wamezaliwa ufukwe mmoja.”

“Aa, basi haiwezekani,” akasema. “Hapo umefanya vizuri kukataa.” Akakaa tena. Akaiweka kofia chini. “Sasa kwa nini unang'ang'ania huyo? Huyu bwana Kosa, si mtafutie mke mahali pengine? Jikoni hamna binti?”

Alisema hivyo kama anavyosema mshenga, kwa uzito wote. Nyangeta akageuka kuangalia meza. Nami nikaangalia alikoangalia, nikaona mfuniko wa chungu cha sato, mvuke ukitoka pembeni. Hobe. Ndilo lilikuwa neno letu la mfuniko, limezaliwa siku Mama Sabina alipotuangushia mfuniko vidoleni, wa Ukoo wa Chungu kwa baba na kwa mama. Likawa kufunika. Nyangeta alinyoosha mkono, akauweka juu ya ule mfuniko bila kujali moto wake, akasema polepole, kama anayeonja, “Hobesiru.” Kisha akaisali sala mpaka mwisho, bila kukwama tena.

Padre hakucheka. Alisema Maandiko yenyewe yanalijua hilo, kwamba kosa lililosamehewa limefunikwa. Halafu akamgeukia Mzee Wambura. “Mzee, wewe unayajua mambo ya kwenu kuliko mimi. Umewahi kusikia pepo linaloshika mwiko wa ukoo?”

Mzee Wambura alilifikiria swali lile kwa haki. Nampendea hilo mpaka leo. “Hapana,” akasema mwishowe. “Pepo hana ukoo. Ndiyo maana ni pepo.” Na alipokwisha kusema, alijua amesema nini, maana alitazama baiskeli yake kupitia mlangoni akashusha pumzi. Padre akafunua chungu, akawakaribisha wote, na mzee akala sato mpaka akasifu. Aliondoka bila sanduku. Pale nje nilimsikia akimwambia Nyangeta, “Huyo mtu nitamwambia ng'ombe wake waendelee kunenepa. Ila wewe, hayo mawe ya ziwani, usije ukaniletea nyumbani.” “Sawa, baba,” akasema, na nilijua hiyo ilikuwa fimi.

Sista alituwekea mipaka: Kiserwa kisemwe jikoni na ufukweni, siyo kanisani wala bwenini. Lakini mwezi haukuisha kabla hajasema mezani, akitazama bakuli la sukari lililo tupu, “Wasichana, leo nayo ni nolu.” Meza yote ikacheka, na wale waliotuogopa wakaanza kutuuliza maneno. Kufikia mwisho wa mwaka bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi. Wafanyabiashara waliruhusiwa kuleta vitu kutoka nje, na siku moja Mama Sabina aliingia jikoni na mche wa sabuni ameukumbatia kama mtoto mchanga. Tukaunusa kwa zamu. Tulipotaka kuutaja kwa Kiserwa, tukakuta hatuna jina lake. Nolu lilikuwa limeshakuwa tumaini, na hakuna kati yetu aliyetaka kulirudisha dukani. Mama Sabina akasema, “Basi iteni sabuni tu, Waserwa wajifunze Kiswahili.” Mume wake alirudi kutoka Ukerewe mwaka huo huo, na Mama Sabina alilia sana, na alimkaripia sana.

Tulimaliza, tukaachana. Mimi nimefundisha dini Bunda maisha yangu yote ya kazi, Nyangeta kwao Butiama. Aliolewa na mwalimu mwenzake aliyemchagua mwenyewe, na Mzee Wambura hatimaye akala ng'ombe wake wa mahari kwa furaha. Tulikutana mara chache, kwenye semina, kwenye harusi. Tuliongea Kiswahili kama wanawake wazima, juu ya watoto na presha na bei ya unga. Sikuwahi kumtamkia neno hata moja la Kiserwa, wala yeye mimi. Sijui kwa nini. Labda kila mmoja alidhani mwenzake amesahau na hakutaka kumwaibisha. Nilipopata habari ya msiba wake, jambo lililonijia kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba sasa ni lugha ya mtu mmoja, na mtu huyo anatembea kwa mkongojo.

Kumbe yeye alikuwa anafunika ngumi za watoto wake. Hakuwafundisha kitu; aliwafanyia tu, mkono juu ya mkono, na neno likapita. Likadondosha mwanzo wake na mwisho wake njiani, kama maneno yanayofanya kazi yanavyofanya.

Kabla ya kuondoka niliomba nipelekwe tena kaburini, na yule mtoto mkubwa akanishika mkono. Udongo ulikuwa bado mbichi. Niliinama kwa shida, nikaweka kiganja changu juu yake, nikasema lile neno zima, la mwaka ule, kwa sauti: “Hobesiru, Nyangeta.”

Mtoto akanivuta kanga. “Bibi, si hivyo. Unakosea.”

“Inakuwaje, mama?”

“Obesi.” Akachuchumaa karibu yangu, awe sawa na macho yangu, akaweka mkono wake mdogo juu ya wangu kunionyesha. “Rudia.”

Nikarudia kama alivyonifundisha.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu aliyefunika mengi yangu afunike na yako. Akuweke ndani yake kama nyumba, akupe ukoko wako wa leo, na lile unalolisubiri lisichelewe. Amina.